Meno yanayotoboka wakati wa dawa za kifua kikuu: hesabu mara, si vijiko

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31 na yuko mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu cha mapafu. Anaendelea vizuri, makohozi yamepimwa na hayana tena vijidudu, uzito unarudi. Lakini meno yake, ambayo hayakuwahi kumsumbua, yameanza kuharibika. Magego mawili ya chini yametoboka na meno ya mbele juu yana madoa meupe karibu na ufizi. Mwenyewe anasema ni dawa zinazomwozesha meno na ameanza kuzungumzia kuziacha. Mchana kutwa anamung'unya pipi za kikohozi, nami humwandalia glukosi na juisi ili apate nguvu. Tumsaidieje? Na je, mswaki wake kukaa kikombe kimoja na miswaki yetu ni hatari?

Jibu: Marahaba, dada. Nitafika kwenye meno, ila kuna jambo linanitia hofu kuliko meno: asiache dawa hata siku moja. Kwa kifua kikuu cha kawaida kisicho sugu, dozi iliyozoeleka ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Mdogo wako amevuka kipindi cha kwanza, na hapa ndipo wengi huteleza. Kikohozi kimepungua, nguvu zimerudi, basi mtu anajiona amepona, hali bakteria waliojificha bado wapo wakisubiri nafasi. Akikatiza, ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi unaweza kuwa umezoea dawa. Jino lililotoboka nitaliziba mchana mmoja. Kifua kikuu sugu ni safari nyingine kabisa.

Tena anaisingizia dawa bure. Hakuna hata moja kati ya zile nne inayoyeyusha jino. Ninajua anachokiona kwenye kioo: rifampisini hugeuza mkojo, jasho, machozi na hata mate kuwa na rangi ya chungwa, na mtu akitema mate ya rangi hiyo kwenye sinki haoni taabu kuamini kwamba kinywa kinaoza. Hiyo ni rangi ya dawa tu. Inaweza kuacha madoa, hasa kwenye meno bandia na lenzi laini za macho, lakini doa la rangi na tundu la jino ni vitu viwili tofauti. Njia pekee ambayo dawa hizi zinaweza kuyagusa meno ni ya kuzunguka: kichefuchefu. Anayetapika mara kwa mara anayaosha meno yake kwa asidi ya tumbo. Nitarudi hapo.

Basi nani kayatoboa? Vilevile si kijidudu cha kifua kikuu. Kile hukaa mapafuni na hakina shughuli na jino. Meno huozeshwa na bakteria wengine, ambao kila mmoja wetu anao, wanaoishi kwenye ule utando laini tunaouita ukoga. Ukila kitu chenye sukari, nao wanakula, kisha wanatoa asidi. Asidi ya kinywani ikizidi kiwango fulani (wataalamu hutaja pH ya karibu 5.5; pH ni kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi), ganda gumu la nje la jino huanza kupoteza madini yake. Hapo mate huingia kazini. Huiosha asidi, huipooza, na hurudisha kalsiamu na fosfeti palipochunwa. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Jino basi hubomolewa na kujengwa upya kila siku, mara kadhaa, na halitoboki mpaka ubomoaji ushinde ujenzi kwa muda mrefu.

Ukilielewa hilo utaona kwa nini kifua kikuu huleta matundu bila kugusa jino. Kumbuka ile miezi kabla ya ugonjwa kugunduliwa: homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukohoa kusikokoma, kupumua kwa mdomo kwa sababu kifua kimebana, hamu ya kula imekwisha. Mwili wa namna hiyo unakauka, na mate yanapungua. Mjenzi ameondoka kazini. Mswaki nao hukumbukwa na nani, mtu ambaye kuinuka kitandani tu ni kazi? Halafu, mate yakiwa machache na ukoga mwingi, sukari inaingia kwa wingi kwa jina la huduma. Sikulaumu, dada yangu. Karibu kila familia hufanya hivyo kwa upendo.

Kumlisha mgonjwa wa kifua kikuu mpaka anenepe ni desturi ya zamani. Daktari Peter Dettweiler, aliyefungua sanatoria yake, yaani hospitali ya kuwalaza wagonjwa wa kifua kikuu, huko Falkenstein, Ujerumani, mwaka 1876, miaka 6 kabla Robert Koch hajatangaza kwamba amekipata kijidudu chenyewe, aliwalaza wagonjwa varandani wapumzike na kuwalisha kwa wingi. Chakula peke yake hakikuwaponya, lakini hakukosea kukithamini: mgonjwa huyu anahitaji kula vizuri, na sitaki usome jibu langu ukapunguza sahani yake. Ninachotaka upunguze ni idadi ya mara ambazo sukari inagusa meno yake.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme anaanza kumung'unya pipi saa 1 asubuhi na kulala saa 4 usiku, pipi moja kila dakika 45. Hizo ni saa 15, sawa na pipi 20. Kila pipi inashusha pH, na kabla mate hayajamaliza kuipandisha, nyingine inaingia. Kinywa chake kiko kwenye asidi tangu jua linachomoza hadi anapolala. Sasa chukua sukari ile ile yote uile pamoja na milo mitatu: jino linashambuliwa mara tatu, linapumzika saa kadhaa kila mara. Sukari haijapungua hata chembe, lakini jino linaona tofauti kubwa.

Hili halikukisiwa. Lilionekana wazi huko Vipeholm, Sweden, kati ya mwaka 1945 na 1953, ambako watu waliokuwa wamelazwa kwenye taasisi ya wenye ulemavu wa akili walipewa sukari kwa namna mbalimbali. Waliokula sukari ndani ya milo yao walipata matundu machache tu zaidi, ila waliopewa tofi za kunata katikati ya milo waliharibikiwa vibaya. Ninaieleza habari hii nikiwa na uchungu, maana watu wale hawakuombwa ridhaa, na leo jaribio kama hilo lisingeruhusiwa. Walilotufundisha kwa meno yao ndilo ninalokupa wewe sasa: hesabu mara, usihesabu vijiko.

Kwa hiyo, kesho asubuhi anza na hizo pipi za kikohozi. Kama lazima amung'unye kitu, awe na zisizo na sukari. Zenye ksilitoli, kiungo kitamu kinachotumika badala ya sukari, ni nzuri, kwa sababu bakteria wa meno hawawezi kuigeuza kuwa asidi, na kule kumung'unya kwenyewe kunaamsha mate. Maji ya kunywa kidogo kidogo nayo hulainisha koo kuliko watu wanavyodhani. Dawa ya kikohozi ya maji, ikiwa anayo, mara nyingi imejaa sukari, na baadhi yake zina viungo vinavyokausha kinywa. Aulize kama bado anaihitaji. Akiambiwa ndiyo, ainywe pamoja na mlo, asiinywe akiwa ameshapiga mswaki anakwenda kulala. Na kama katika mwezi wa tatu kikohozi bado kinamtesa kiasi cha kumung'unya pipi kutwa nzima, hilo lenyewe ni la kupeleka kliniki ya kifua kikuu. Isiwe mnalinyamazisha kwa pipi.

Glukosi iache. Haina nguvu ya pekee dhidi ya kifua kikuu, ni sukari. Nguvu anayoitafuta ataipata kwenye chakula chenyewe, na misuli iliyoyeyuka itarudi kwa mayai, maziwa, kunde, samaki au nyama, chochote kati ya hivyo mnachoweza kukipata. Juisi anywe glasi moja wakati wa kula, aimalize, kisha maji. Ule mtindo wa chupa ya kinywaji kitamu kando ya kitanda, kufyonza mara moja kila anaposhtuka usiku, ni mbaya kuliko yote, kwa sababu usingizini mate karibu yanakauka kabisa. Kando ya kitanda yawepo maji matupu.

Neno moja kuhusu sukari kabla sijaendelea: kisukari na kifua kikuu hupenda kuandamana, na kisukari kisichodhibitiwa hukausha kinywa na kuharibu fizi. Kama hajapimwa sukari ya damu, apimwe. Vivyo hivyo VVU, kama hajui hali yake.

Mswaki sasa. Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo ya maana zaidi. Ikipita, kisiingie kinywani kitu kingine ila maji. Dawa ya meno iwe na floraidi ya kiwango cha kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni (ppm). Kwa kawaida huandikwa kwenye boksi au kwenye tyubu. Floraidi ndiyo inayoyasaidia mate kurudisha madini, na sehemu iliyojengwa kwa floraidi hustahimili asidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana nawaomba wagonjwa wafanye jambo ambalo huwashangaza: wakimaliza kupiga mswaki wateme povu, wasisukutue. Ukisukutua kwa maji mengi umeimwaga dawa kabla haijafanya kazi. Mswaki uwe laini, dakika mbili, na uzingatie mstari ambapo jino linakutana na ufizi, kwa sababu ukoga hupenda kujibanza hapo. Siku ambayo hana nguvu ya kusimama bafuni, mpelekee beseni kitandani apige mswaki akiwa ameketi. Nimeona wagonjwa wakiruka wiki nzima kwa sababu tu sinki iko mbali na kitanda.

Yale madoa meupe uliyoyataja ndiyo yaliyonifurahisha kwenye barua yako, ajabu ikisikika hivyo. Doa jeupe lisilong'aa, karibu na ufizi, ni jino lililoanza kupoteza madini lakini halijatoboka. Hapo bado linaweza kugeuka. Ukiondoa pipi, ukaweka floraidi na mate yakarudi, doa hukaza na kuanza kung'aa baada ya miezi kadhaa. Weupe wake huenda usiishe wote, na si hoja. Usiruhusu mtu alikwangue au kulichimba kwa kitu chenye ncha kali ili "kulisafisha". Litavunjika na kuwa tundu kweli.

Nilisema nitarudi kwenye kutapika. Akitapika asikimbilie mswaki. Ganda la jino likiwa limelainishwa na asidi, mswaki hulikwangua. Asukutue kwanza kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea, yaani baking soda, katika glasi moja, ateme, kisha asubiri kama saa moja ndipo apige mswaki. Dawa za kifua kikuu hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada, ila kichefuchefu kikimzidi, kliniki inaweza kumruhusu azimeze na chakula chepesi. Ajadili nao, asijipangie. Asizisindikize kwa soda wala juisi, na asimeze dawa za kiungulia kwa wakati mmoja nazo, maana zile zenye alumini hupunguza ufyonzwaji wa isoniazidi. Kutapika kukiandamana na macho ya manjano, maumivu ya upande wa kulia wa tumbo au uchovu usioelezeka, siku ile ile aende hospitali, kwa sababu ini linaweza kuwa limeguswa. Hapo asitazame mkojo, rifampisini imeshaupaka rangi. Atazame macho.

Kinywa kikavu kitatulia kadiri anavyopona. Kwa sasa maji mara kwa mara, na kutafuna jojo zisizo na sukari baada ya mlo kama anazipenda. Sigara ni adui wa mapafu na fizi kwa pamoja. Pombe hukausha kinywa na kuliongezea ini mzigo juu ya dawa, hivyo hata dawa za kusukutua kinywa zenye pombe sizimpendekezei. Watu huniuliza pia kuhusu kloreheksidini, dawa ya kusukutua inayoua bakteria wa kinywani. Ni nzuri kwa fizi zinazovimba, kwa wiki mbili hivi, halafu huanza kupaka meno rangi ya kahawia, na mtu ambaye tayari anadhani dawa zinamharibu meno hahitaji doa jingine. Haichukui nafasi ya floraidi.

Magego mawili yaliyotoboka hayatajiziba. Aende kwa mganga wa meno, na aende sasa. Nafasi yake ni nzuri: yuko kwenye dawa zaidi ya miezi miwili na makohozi ni safi, kwa hiyo si mwambukizaji. Angekuwa bado anatema vijidudu, tungeahirisha kazi isiyo ya dharura, kwa sababu ile mashine ya kuchimba jino hurusha ukungu wa mate hewani na mgonjwa hukohoa akiwa uso kwa uso na mtabibu. Kuahirisha huko hakuhusu dharura. Shavu likivimba, homa ikapanda, kinywa kikashindwa kufunguka au kumeza kukawa kugumu, mtu hutibiwa siku hiyo hata kama ana vijidudu, kwenye chumba chenye hewa inayopita, mhudumu akiwa na barakoa ya N95. Ninasisitiza kwa sababu nimekutana na wagonjwa waliofukuzwa mlangoni na usaha shavuni kwa kutaja tu neno TB. Waliorudi nyumbani walijifunza somo moja: kunyamaza. Na mgonjwa anayenyamaza ni hatari kwake na kwa mtabibu wake.

Akifika, aombe zaidi ya kuziba matundu. Meno yaliyobaki yanaweza kupakwa vanishi ya floraidi, kazi ya dakika chache isiyo na maumivu, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa aliye kwenye hatari kubwa. Tundu ambalo hawezi kuvumilia kuchimbwa kwa sasa linaweza kupakwa floraidi ya fedha, ambayo husimamisha kuoza bila mashine, bila sindano ya ganzi. Hubakiza weusi pale palipooza, kwa hiyo gegoni naipenda, jino la mbele nafikiri mara mbili. Kuna pia saruji ya glasi ayonoma, inayozibia jino lililosafishwa kwa vifaa vya mkono tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi, floraidi ya fedha na saruji hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo msione haya kuziulizia.

Abebe kadi yake ya kliniki, na majina ya dawa zote ayataje kabla hajaandikiwa chochote. Rifampisini hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida: flukonazoli ya fangasi, klarithromaisini ya kuua bakteria, kodini ya maumivu, hata vidonge vya uzazi wa mpango (hili si la mdogo wako, ila huenda linamhusu msomaji mwingine). Parasetamoli anaweza kunywa kwa maumivu, asizidishe dozi wala asiinywe siku baada ya siku huku jino likingoja, maana ini lake lina kazi tayari. Na antibiotiki za jamii ya kwinoloni, kama siprofloksasini au levofloksasini, zisitolewe kwa jino. Ni silaha za kupambana na kifua kikuu sugu. Zikitumiwa ovyo zinaweza kuuficha ugonjwa na kuufundisha usugu. Jipu la jino, kwa kawaida, dawa yake ni kutoa usaha na kulitibu au kuling'oa jino lenyewe, si vidonge. Kama ni kung'oa, amwambie mganga iwapo fizi zake hutoka damu bila sababu au ngozi ina vilia vya damu, kwa kuwa mara chache rifampisini hushusha chembe za kugandisha damu.

Vidonda pia muviangalie. Kikiwepo kidonda cha ulimi au cha kinywa kisichopona kwa wiki tatu, au shimo la jino lililong'olewa lisilofunga, kionyeshwe. Mara nyingi huwa ni kitu kingine, lakini kifua kikuu cha mapafu huweza, kwa nadra, kupanda kinywani kwa njia ya makohozi, na hupenda ulimi.

Sasa kikombe cha miswaki. Kifua kikuu cha mapafu husambaa kwa hewa, mtu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au kuzungumza, na mwingine akavuta ile hewa. Hakisambai kwa mswaki, kijiko, sahani wala kikombe, na mgonjwa ambaye makohozi yake ni safi hana cha kuwaambukiza. Kutochangia mswaki ni kanuni ya kila mtu, kwa sababu mswaki hugusa damu ya fizi na homa ya ini aina ya B hupita humo. Msitupe mswaki wake kwa hofu ya TB. Ubadilisheni nyuzi zikishatawanyika, au kila baada ya miezi mitatu. Kama mlikuwa mmeuhamishia mahali pake peke yake, urudisheni kwenye kikombe pamoja na ya kwenu, vichwa vikiwa juu na visigusane.